Kalipa za Breki za Gari la Zamani: Urepee au Ununue Nyingine? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kalipa ni sehemu ya breki inayobana pedi kwenye diski kwa pistoni zinazosukumwa na mafuta ya breki. Majibu haya yanamhusu mwenye Peugeot 504, Mercedes W123, Land Cruiser ya 40, Range Rover ya zamani, Volvo 240, au gari jingine la miaka ya 1960 hadi 1980 lenye breki za diski. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Pistoni ya kalipa inarudije nyuma wakati haina springi?

Inarudishwa na sili. Kwenye kalipa nyingi, sili ni pete ya mpira ambayo ukiikata utaona umbo la mraba, nayo imekaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa silinda. Ukikanyaga pedali, pistoni inatoka huku sili ikiing'ang'ania na kupinda kuelekea nje. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoliacha gurudumu lizunguke huru.

Ukilielewa hili, nusu ya matatizo ya kalipa utayaelewa. Sili ikikakamaa kwa uzee haina tena nguvu ya kuvuta. Mfereji ukijaa kutu, sili inasukumwa ndani na kuibana pistoni. Katika hali zote mbili breki inabaki imeshika, ingawa hakuna hata tone linalovuja.

2. Kurepea kalipa ni kufanya nini hasa?

Ni kuitoa kwenye gari, kutoa pistoni zote, kusafisha mwili mpaka kwenye mifereji, kukagua, kisha kuirudisha ikiwa na sili mpya, mipira ya vumbi mipya na, mara nyingi, pistoni mpya. Kubadilisha mpira wa vumbi peke yake, au kuirudisha pistoni ndani kwa klampu na kupulizia dawa ya kutu, si kurepea. Kalipa ya namna hiyo hushika tena baada ya wiki chache.

3. Nipe jibu fupi: nirepee au ninunue?

Kama mwili ni wa asili na ni mzima, repea. Mwili wa kalipa ya zamani ni chuma kizito cha kusubu na haufi kirahisi. Vinavyokufa ni sili na pistoni, na vyote viwili hubadilishwa. Nunua nyingine endapo mwili una ufa, uzi wa boliti au wa bomba umekwisha, kikalio cha nipeli (skrubu ndogo ya kutolea upepo) kimeharibika, au mfereji wa sili umeliwa na kutu kiasi kwamba kingo zake hazijakamilika. Nunua pia kama kalipa mpya ya kiwanda kinachoaminika bado inapatikana kwa bei inayokaribiana na jumla ya pistoni, sili na ufundi. Kwa magari yaliyouzwa kwa wingi jambo hilo si la ajabu.

Uamuzi wenyewe hufanywa kalipa ikiwa imefunguliwa na kusafishwa. Kuiangalia kwa nje hakukwambii kitu: kalipa iliyojaa kutu nje inaweza kuwa safi kabisa ndani, na iliyopakwa rangi nzuri ikawa imeoza kwenye mifereji.

## Kabla ya kufungua chochote

4. Gurudumu linashika na kupata moto. Je, ni kalipa?

Huenda siyo. Kalipa nyingi nzima hutupwa kwa kosa la hosi. Hosi ya mpira inayopeleka mafuta kwenye kalipa huzeeka kuanzia ndani: utando wake wa ndani huvimba au kuchanika na kuwa kama vali ya njia moja. Mguu una nguvu ya kutosha kusukuma mafuta yapite kwenda kwenye kalipa, lakini sili haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje hosi inaonekana nzima.

Pima hivi. Breki ikiwa imeshika, inua gari, liweke juu ya stendi imara, uhakikishe gurudumu halizunguki kwa mkono. Fungua nipeli ya kutolea upepo robo mzunguko. Kama gurudumu halijalegea, tatizo ni la kimitambo: pistoni imeganda, au pini za kuteleza zimekauka, au pedi zimekwama kwenye makao yake. Kalipa ifunguliwe.

Kama mafuta yameruka na gurudumu likalegea, kuna presha iliyonaswa. Funga nipeli, kanyaga pedali mpaka breki ishike tena, halafu safari hii legeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na hosi. Gurudumu likiendelea kushika, kosa ni la hosi. Likilegea, kosa liko juu zaidi: tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) limeziba, au fimbo ya pedali haina mchezo wowote. Dalili ya masta ni kwamba mara nyingi magurudumu zaidi ya moja hushika pamoja.

Hosi ambayo umri wake haujulikani ibadilishwe, tena pande zote mbili. Ni moja ya spea za bei ndogo kwenye mfumo huu.

5. Gari linavuta upande mmoja. Kalipa mbovu ni ya upande upi?

Angalia linavuta wakati gani. Likivuta unapokanyaga breki tu, mbovu kwa kawaida ni ya upande wa pili, kwa sababu gari linaelekea kule breki inakofanya kazi. Likivuta hata ukiwa hujagusa pedali, upande linakovuta ndio ulioshika. Thibitisha kwa joto: tembea kilomita kumi hivi ukikanyaga breki kwa nadra, simama, kisha linganisha magurudumu mawili ya mbele kwa kipimajoto cha kuelekeza, au sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Kabla ya kuilaumu kalipa, pima upepo wa matairi na uangalie kama kuna mafuta au grisi kwenye pedi.

6. Pedi moja imekwisha na mwenzake bado nene. Inamaanisha nini?

Inategemea aina ya kalipa. Kama ina pistoni pande zote mbili za diski na mwili hausogei, pistoni ya upande wa pedi nene haifanyi kazi, au ya upande wa pedi iliyokwisha hairudi. Kama ni ile ya kuteleza, yenye pistoni upande wa ndani tu, na pedi ya ndani ndiyo iliyokwisha, mara nyingi pini zake zimekauka. Hapo hujafika kwenye kurepea. Safisha pini, badilisha mipira yake, paka grisi ya silikoni, kisha tazama tena.

7. Nitajuaje kalipa niliyonayo ni ipi kabla ya kuagiza spea?

Usiagize kwa jina la gari na mwaka peke yake. Viwanda vya magari vilinunua breki kwa watengenezaji zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mercedes W123, kwa mfano, ilitoka ikiwa na kalipa za mbele za ATE au za Bendix, na pedi zake haziingiliani. Tena gari la miaka arobaini limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na inawezekana limefungwa kalipa ya gari jingine.

Safisha mwili kwa brashi ya waya usome jina na namba zilizosubiwa juu yake. Kisha pima kipenyo cha pistoni kwa vernia, pistoni ikiwa nje. Sili huuzwa kwa kipenyo, na milimita chache zina maana kubwa. Ukifunga pistoni ya 54 mm mahali pa 48 mm, eneo linakuwa kubwa kwa takriban asilimia 27: gurudumu hilo linabana zaidi kwa kiasi hicho hicho, na pedali inashuka zaidi.

Angalia uzi pia. Magari ya Kiingereza ya zamani mara nyingi hutumia nati za bomba za inchi 3/8 zenye nyuzi 24, na yale ya Ulaya bara na Japani hutumia M10×1. Zinakaribiana kiasi kwamba moja huanza kuingia kwenye nyingine, na fundi mwenye haraka akiilazimisha, uzi wa kalipa umekwenda. Nati ikigoma baada ya mizunguko miwili ya vidole, simama.

## Kufungua na kukagua

8. Pistoni imeganda. Niitoe vipi bila kuharibu mwili?

Njia bora kuliko zote ni breki yenyewe. Kabla ya kukata bomba, ondoa pedi, acha hosi ikiwa imeungwa, weka kipande cha mbao nafasi ya diski, kisha mtu akanyage pedali taratibu. Presha ya masta silinda ni kubwa kuliko ya kompresa yoyote ya gereji. Kwenye kalipa yenye pistoni nne, zilizo laini zitatoka kwanza. Zibane kwa klampu ili nguvu yote iende kwenye ile iliyogoma. Usiache pistoni yoyote itoke kabisa kabla nyingine hazijalegea, kwa sababu ikitoka moja, presha imepotea.

Kama kalipa imeshatolewa, tumia pampu ya grisi. Nipeli za grisi zenye uzi wa M10×1 zipo madukani na huingia kwenye tundu la bomba la kalipa nyingi za metriki. Ziba tundu la nipeli ya upepo kwa boliti, jaza grisi, endelea kusukuma. Grisi haibanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni hutoka polepole bila kuruka. Hasara yake ni usafi: grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa breki, basi sili zote za zamani zitupwe na kila njia ndani ya mwili ioshwe hadi ibaki tupu.

Hewa ya kompresa itumike kwa pistoni iliyokwishalegea tu, kwa presha ndogo isiyozidi bar 2, mbao ikiwa mbele na vidole vikiwa mbali. Pistoni inayorushwa na hewa inavunja kidole.

Usiibane pistoni kwa koleo ukidhani utaitumia tena. Mkwaruzo mmoja kwenye krome umeshaiharibu.

9. Pistoni ina vidoa vya kutu. Nikiisugua kwa msasa laini haitafaa?

Haitafaa. Pistoni ya zamani ni chuma kilichopakwa krome, na krome ni nyembamba sana. Doa la kutu ni mahali ambapo krome imeshang'oka, na msasa huongeza ukubwa wa doa. Pitisha ukucha: ukikwama popote kwenye eneo linalopita ndani ya sili, pistoni hiyo itupwe.

Watu wengi huuliza kwa nini kalipa ilianza kuvuja siku chache baada ya kufunga pedi mpya. Pedi zikiwa zimekwisha, pistoni imetoka sana na ncha yake ya nje inakaa kwenye vumbi, matope na maji. Kama mpira wa vumbi umechanika, ncha hiyo inaota kutu. Ukifunga pedi mpya nene, unairudisha pistoni ndani, na ile sehemu yenye kutu ndiyo inayokuja kukaa kwenye sili. Kutu inaikwaruza sili na mafuta yanaanza kutoka. Pedi hazina kosa lolote.

10. Ndani ya silinda kuna kutu. Mwili umekwisha?

Si lazima. Kwenye kalipa ambazo sili imekaa kwenye mfereji wa mwili, ukuta wa silinda hauzibi mafuta. Kinachoziba ni sili dhidi ya pistoni na dhidi ya mfereji. Madoa ya kutu ukutani yanaweza kuachwa baada ya kusuguliwa kwa msasa laini sana wenye maji, mradi pasibaki kinundu cha kuikwaruza pistoni. Usipanue silinda. Pistoni ikipata nafasi kubwa, itayumba na kuila sili upande mmoja.

Zipo kalipa ambazo hali yake ni kinyume kabisa. Tazama swali la 20.

11. Mfereji wa sili nausafisha vipi, na ni kutu kiasi gani kinachokubalika?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo upe muda. Kutu kwenye mfereji hukaa kama ganda jembamba gumu, rahisi kulidhania kuwa ni chuma chenyewe. Sili mpya ikikaa juu yake inanyanyuka, na pistoni mpya inaingia kwa shida au haiingii kabisa. Ukiona pistoni mpya inakataa kuingia kwa mkono, usiipige nyundo. Toa sili, rudi kwenye mfereji.

Tumia kijiti cha shaba au mti mgumu uliochongwa upana wa mfereji. Bisibisi ya chuma huacha mikwaruzo ambayo mafuta yatapitia. Ganda likiwa gumu, loweka mwili usiku kucha kwenye siki au dawa ya kuondoa kutu, suuza, kausha mara moja kwa hewa, kisha paka mafuta mapya ya breki ili usiote kutu tena. Mwanga mkali na kioo kidogo vitakusaidia kuona upande wa ndani.

Mfereji wa ndani, ule wa sili, usiwe na shimo la kutu kwenye sakafu wala kwenye kingo zake. Madoa yasiyosikika kwa kijiti yanavumilika. Mfereji wa nje, ule wa mpira wa vumbi, karibu kila mara huwa umeliwa zaidi, nao unaruhusiwa kuwa na mashimo madogo mradi mpira unakaa bila kuchomoka.

12. Nipeli ya upepo imekatika ndani. Kalipa bado inafaa?

Mara nyingi inafaa. Pasha mwili moto kuzunguka nipeli, sili zikiwa zimeshatolewa, paka mafuta ya kupenya, acha ipoe, rudia mara tatu au nne. Ikigoma, mpelekee mkerezaji aitoboe katikati kwa mashine na kuitoa bila kugusa uzi. Uzi ukiharibika unaweza kuwekewa uzi wa kupachika. Kinachoiua kalipa ni kuharibika kwa kikalio cha koni kilicho chini kabisa, maana nipeli huziba pale kwenye koni. Kwa nipeli mpya, usikaze kwa nguvu za bega: zaidi ya Nm 10 au hivi, zile ndogo huanza kukatika.

13. Nitenganishe nusu mbili za mwili?

Kama unaweza kuitoa na kuirudisha kila pistoni bila kuzitenganisha, usizitenganishe. Watengenezaji wengi, wakiwemo wa kalipa za Range Rover na Land Rover, walikataza wazi. Kati ya nusu hizo kuna sili ndogo inayopitisha mafuta, na boliti zake hukazwa kwa nguvu maalumu. Ukilazimika kufungua, uwe na sili ndogo mpya za saizi sahihi, boliti mpya, na namba ya kukazia kutoka kwenye kitabu cha gari hilo. Ukikosa kimoja kati ya vitatu, kalipa ibaki imeungana.

## Kuchagua spea

14. Pistoni za stenlesi ni bora kuliko za krome?

Kwa gari la Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, ndiyo. Hewa ya chumvi huitafuna krome, lakini stenlesi haina cha kung'oka. Faida nyingine ni kwamba stenlesi hupitisha joto kidogo kuliko chuma cha kawaida, basi mafuta nyuma yake hayachemki haraka. Anayeshuka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu na gari zito ataona tofauti.

Mkerezaji mzuri anaweza kukutengenezea kama hazipatikani. Mpe pistoni ya zamani kama kielelezo, lakini kipenyo kipimwe kwa maikromita sehemu ambayo haijaliwa, na pistoni mpya isikizidi hata kidogo. Urefu, kina cha tundu la ndani na mfereji wa mpira wa vumbi vinakiliwe vilevile. Ukingo wa kuingilia uviringwe na kulainishwa, la sivyo unakata sili siku ya kufunga. Uso wote ung'arishwe usiache alama za kisu cha kerezo.

15. Sili za bei rahisi sokoni zinafaa?

Sili ni mpira wa EPDM unaovumilia mafuta ya breki. Sili iliyokatwa kutoka kwenye mpira wa kawaida huvimba ndani ya siku chache na kuibana pistoni. Nunua seti yenye jina la mtengenezaji na kipenyo kilichoandikwa. Pima unene wa sili mpya dhidi ya ya zamani, ukikumbuka kwamba ya zamani huenda imevimba au kusinyaa. Seti ikiwa imekaa dukani miaka mingi, ikunje sili kati ya vidole: ikionyesha nyufa ndogo, irudishe.

16. Kalipa zilizorepewa viwandani, zile za kubadilishana, ni salama?

Nyingi ni nzuri, lakini zikague kama ulivyokagua za kwako. Matatizo yanayojirudia ni matatu: uzi uliojaa mchanga wa kusafishia, rangi iliyopakwa hadi kwenye uso unaogusana na habu au ndani ya njia za pedi, na kulia na kushoto kuchanganywa kwenye boksi. Usitoe kalipa zako za asili kama malipo ya kubadilishana mpaka hizo zilizokuja zimefungwa na kutembea. Mwili wako wa asili ukishaondoka haurudi, na kwa magari yaliyotengenezwa machache ndiyo spea pekee uliyokuwa nayo.

17. Na kalipa ya gari lililochinjwa?

Ichukulie kama mwili tu. Bei yake iwe ya mwili, kisha uirepee yote. Kuifunga kama ilivyo ni kubadilisha kalipa mbovu unayoijua kwa mbovu usiyoijua.

18. Upande mmoja tu ndio mbovu. Nitengeneze mmoja?

Tengeneza pande zote mbili za ekseli hiyo. Sili mpya na sili ya miaka ishirini hazivuti pistoni sawasawa, na gari litavuta upande. Pedi na hosi nazo zibadilishwe kwa jozi.

## Kufunga

19. Naifunga kwa utaratibu gani, na kwa nini pedali inabaki laini baadaye?

Osha mwili kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, si petroli wala dizeli, kwa kuwa hizo hubaki kwenye vinyweleo vya chuma na kula mpira. Puliza kila njia. Chovya sili kwenye mafuta mapya ya breki au uipake grisi nyekundu ya mpira, iweke kwenye mfereji kwa vidole, pitisha kidole kuzunguka uhakikishe haijajipinda. Paka pistoni, iweke wima, isukume kwa dole gumba mbili. Ikilala upande itakwama. Itoe uanze tena. Kalipa nyingi za ATE zina pistoni yenye sehemu iliyokatwa kwenye uso wake, na sehemu hiyo hupangwa kwa pembe ya digrii 20 kwa kutumia kipimo cha bati. Ukiacha kuipanga, breki zitapiga kelele.

Kabla ya kufunga kalipa, pima unene wa diski. Kiwango cha chini mara nyingi kimepigwa chapa kwenye diski yenyewe au kwenye habu. Washa za shaba za hosi ziwe mpya.

Kama pedali inabaki laini, tazama kwanza nipeli ziko wapi. Nipeli lazima iwe juu kabisa ya kalipa. Kalipa za kulia na kushoto zikibadilishana nafasi, nipeli inakuwa chini, na upepo hautatoka hata ukimwaga lita tano. Anza kutoa upepo kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Volvo 240 na Range Rover za mwanzo zina mikondo miwili ya mafuta inayoingia kwenye kila kalipa ya mbele, zina nipeli zaidi ya moja kwa kila kalipa, na zina mpangilio wao ambao lazima ufuatwe. Tenga lita 1 ya mafuta mapya. Wakati wa kukanyaga, usiizamishe pedali hadi sakafuni kwenye gari la zamani: sili za masta hupita sehemu yenye kutu ambayo hazijawahi kufika, na masta hufa siku hiyohiyo. Weka kipande cha mbao chini ya pedali.

Pedi mpya zizoeshwe kabla ya kuziamini: mara 20 hivi, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya kila mara.

## Hali za pekee

20. Kalipa gani haziruhusu kutu kwenye silinda hata kidogo?

Zile ambazo sili imevaliwa na pistoni na kuteleza juu ya ukuta wa silinda. Mifano inayojulikana ni Chevrolet Corvette za 1965 hadi 1982, na kalipa za Dunlop za Jaguar za miaka ya 1950 na 1960. Hapo ukuta ndio unaoziba, na shimo moja la kutu ni njia ya mafuta kutoka na ya hewa kuingia. Dawa yake ni kupanua silinda na kutia silivu (bomba jembamba la kufunika ukuta) ya stenlesi kwa kipenyo cha asili. Ni kazi ya mashine sahihi, na ikifanywa vizuri kalipa inakuwa bora kuliko ilivyotoka kiwandani.

21. Kalipa ya alumini inarepewa vivyo hivyo?

Taratibu ni zilezile, ila usitumie brashi ya waya wa chuma wala dawa kali za kutu, na kuwa makini na uzi. Alumini haitoi kutu jekundu. Inatoa unga mweupe mgumu kwenye mfereji, nao hubana sili kama kutu inavyobana. Mfereji ukiliwa kwenye alumini, kurekebisha ni kazi ya gharama, na mizani huelemea upande wa kununua.

22. Kalipa ya nyuma yenye breki ya mkono ndani yake?

Pistoni ya namna hii ina skrubu ndani na hairudi kwa kusukumwa. Inazungushwa kwa kifaa chake huku ikibanwa. Ukitumia klampu kwa nguvu unavunja mtambo wa kujirekebisha, na kwa aina nyingi mtambo huo hauuzwi peke yake. Kama wenzo wa breki ya mkono unavuja kwenye shina au haurudi, kalipa nzima mpya mara nyingi ndiyo njia ya akili.

23. Nitumie mafuta gani, na vipi kuhusu yale ya silikoni?

DOT 4 kwa karibu magari yote yaliyotajwa hapa. Yakiwa mapya, huchemka kuanzia digrii 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na maji hayo ndiyo yanayoozesha pistoni kutoka ndani. Kawaida hubadilishwa kila miaka miwili. Kwa gari la pwani, kila mwaka si kupoteza fedha.

DOT 5 ya silikoni hainyonyi maji, lakini haichanganyiki na mengine. Inafaa tu pale kila sili, kila hosi na masta vimekuwa vipya na mabomba yameoshwa, na pedali yake ni laini kidogo. Usiichanganye na DOT 5.1, ambayo ni ya jamii ya DOT 4. Citroën zenye mfumo wa haidroli, kama DS, zina mafuta yake: ya kijani ya LHM kwenye za baadaye, LHS kwenye za mwanzo. Sili zake ni za mpira tofauti. Ukitia DOT 4 kwenye mfumo wa LHM, unaua sili za gari zima, pamoja na za saspensheni na usukani.

24. Pedi za zamani zina hatari gani?

Pedi za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa wala kulifagia likiwa kavu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitie kwenye mfuko uliofungwa.

25. Nimerepea, lakini gari litakaa bandani miezi sita. Nifanye nini?

Badilisha mafuta kabla ya kuliegesha, si baada. Kila baada ya wiki tatu au nne kanyaga pedali mara kumi na ulisogeze gari mbele na nyuma, ili sili zisigande mahali pamoja. Breki ya mkono iachwe huru, magurudumu yawekewe kabari. Siku ya kulitoa, rudia kipimo cha swali la 4 kabla ya kuingia barabarani.